Amekausha Kijiji Kizima

Picha niliyoichagua mimi ilikuwa ile anayocheka. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, kanga imemteleza begani, anacheka kwa sababu nilimwambia atulie nimpige picha na yeye akaniuliza nataka kuipeleka wapi sura yake mbaya. Niliipenda picha ile. Nikaiweka kwenye tovuti yetu, pale panapouliza ni picha ipi itokee watu wakituma linki. Nikaandika kichwa cha habari, nikaandika na maelezo mafupi ya chini, nikayasoma tena, nikamtumia mhariri. Kisha nikaenda zangu nyumbani kupika.

Mshenzi yule akaitoa.

Nieleze kidogo, maana wapo wasiojua jambo hili linafanyikaje, na kutojua kwao kumewapa watu kama yeye mahali pa kujificha. Ukituma linki kwenye grupu, chini yake hujitokeza kisanduku chenye picha, kichwa na mstari mmoja au miwili ya maneno. Ofisini kwetu tulikiita kava. Kava huchaguliwa na mtu. Kuna mahali pa kujaza picha, mahali pa kujaza kichwa, mahali pa kujaza maelezo. Ukiacha wazi, mtambo huokota chochote unachokikuta kwenye ukurasa, ndiyo maana mimi sikuwahi kuacha wazi. Narudia kwamba huchaguliwa na mtu, kwa sababu baadaye kila aliyeulizwa alizungumza kana kwamba kava lile lilijiotea lenyewe kama uyoga.

Habari yenyewe ilihusu moshi. Kwetu, upande wa Inyonga, ni nchi ya tumbaku. Jani bichi likivunwa hutundikwa ndani ya bani, kijumba cha tofali chenye tanuri, halafu lazima mtu akae kwenye tanuri kulisha kuni na kulinda joto. Joto likizidi, jani linaungua. Likishuka, jani linakuwa jeusi na msimu wa mwenye shamba umekwisha. Mama mkubwa alikuwa huyo mtu anayekaa. Alifiwa na mume mapema, hakuwa na shamba lake la tumbaku, akawa anaitwa kwenye moto wa wengine. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Aliumaliza ujana wake wote pale, usoni pa matanuri yanayovuja moshi, na moshi ukamlipa kwa macho. Sasa ni mekundu, yanatoa machozi muda wote, na jua likiwaka anayafunika kwa kiganja.

Macho mekundu kwa mwanamke mzee, huku kwetu, si jambo la kuchekea. Tusidanganyane. Wapo bibi walioitwa wachawi wakauawa, bila kosa lolote zaidi ya rangi ya macho yao. Kila mtu Katavi analijua hilo, mtoto kwa mkubwa, na ndiyo sababu niliandika. Nilitaka mtu akikutana na bibi wa namna hiyo njiani ajue wekundu ule umetoka wapi. Nilitaka watu wa chama cha wakulima waone aibu kidogo, na waganga wa macho wa hospitali wapande pikipiki wafike kule. Kava langu lilisema: "Moshi wa tumbaku ulivyokula macho ya mama zetu." Neno tumbaku nililiweka mbele makusudi.

Ndani ya habari, katikati kabisa, mama mkubwa anajisifu. Nilimnukuu kama alivyosema: "Mimi nimekausha kijiji kizima hiki. Hakuna nyumba ambayo sikuikaushia." Anayetoka kwetu hawezi kupotea hapo. Fika Inyonga msimu wa mavuno, uwasikie watu wakisalimiana njiani. Unakausha lini? Umeshakausha? Nani anakukaushia mwaka huu? Hakuna anayeuliza kukausha nini. Tumbaku haitajwi kwa sababu haina haja ya kutajwa. Na kusema umekausha kijiji kizima ni sawa na fundi kusema nyumba zote mnazoziona hapa nimejenga mimi.

Mhariri aliichukua sentensi ile, akaing'oa kutoka kati ya wenzake, akaipandisha kuwa kichwa cha kava kwa herufi kubwa: AMEKAUSHA KIJIJI KIZIMA. Chini akaweka: "Macho yake yanasema yote. Bibi wa Inyonga afunguka." Na picha ikawa ya macho. Nilikuwa nimempiga kwa karibu kwa ajili ya aya inayozungumzia matibabu, na yeye akaikata ile picha, akatoa kilemba, akatoa kidevu, akaacha macho matupu mekundu yanayokutazama. Na mwaka ule mvua ilikuwa imechelewa.

Mimi nililiona kava hilo sokoni Kashaulili, mjini Mpanda ninakoishi, kwenye simu ya mwanamke anayeniuzia migebuka. Ni mtu wa Karema, ziwani kabisa, tumezoeana, ananichagulia samaki wazuri na ananitania kwamba sisi watu wa porini hatujui kula samaki wenye mifupa. Siku hiyo alikuwa bado hajafunua hata ungo.

"Dada, nyie si ndio watu wa Inyonga? Hebu mwone huyu bibi yenu anayetuzuilia mvua."

Akanigeuzia simu.

"Umeisoma hii?"

"Si hii hapa naisoma. Amekausha kijiji kizima. Na kafunguka mwenyewe, sio kwamba anasingiziwa."

"Namaanisha umefungua ndani?"

"Nifungue na nini, dada? Mimi bando langu ni la kuchati tu, linki hazifunguki. Ila si imeandikwa?"

"Huyo ni mama yangu mkubwa," nikamwambia. "Alikuwa anakausha tumbaku. Kwenye bani. Ni kazi."

Akaishika simu kwa mikono miwili, akalisoma tena kava lote, taratibu, akitembeza kidole. "Tumbaku imeandikwa wapi?" akauliza. Hakuwa ananibishia. Alikuwa anatafuta kweli, na haikuwepo.

Aliona aibu, akaniomba radhi, akaifuta palepale mbele yangu. Lakini alikuwa ameshaituma kwa wenzake wa kikoba na kwa kaka zake kule ziwani. Yeye sikumchukia. Ziwani watu wanakausha dagaa na hawajawahi kukaa nje ya bani. Amesoma alichopewa, kwa lugha anayoijua. Katika nchi ambayo nusu ya watu wananunua bando la kuchati tu, kava ndiyo habari yenyewe. Ndani hakuna anayefika. Unaweza kuandika ukweli wote wa dunia huko ndani, ukaupanga vizuri kwa aya, na usimsaidie mtu.

Niliwaacha samaki mezani, nikapanda ngazi za ofisi yetu. Ni chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya shule. Mhariri alikuwa anakula chapati. Ni kijana mdogo kwangu, ananiita dada, na siku zote alikuwa mchangamfu, na uchangamfu wake ndio ulionimaliza siku hiyo.

"Dada, hii ngoma imetembea! Haijawahi kutembea posti yetu hivi tangu tuanze. Mpaka Tabora wanaituma."

"Rudisha kava langu."

"Lako lilikuwa limelala, dada. Moshi, tumbaku, nani atabonyeza? Na hili sijatunga mimi, ni maneno yake mwenyewe umeandika wewe. Mtu akitaka maelezo yote si anafungua?"

"Wewe unajua vizuri kuwa hawafungui."

Akafuta vidole kwa karatasi. Nikamuuliza kama anajua macho mekundu ya bibi kizee yana maana gani huku kwetu. Nilitegemea aseme hajui. Nadhani nilikuwa namwombea aseme hajui, ili nipate kumsamehe. Akasema, "Ndiyo maana yamevuta watu."

Sijawahi kumpiga mtu tangu nimalize shule ya msingi. Siku ile nilikamata ukingo wa meza ili mikono yangu iwe na kazi nyingine. Mimi nilikuwa najiandaa kumfundisha mjinga, kumbe nilikuwa nimesimama mbele ya mtu anayejua. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile, akaona hatari ilipo, akaipima, akaona itafaa. Mkuki kwa nguruwe. Angekuwa mama yake mwenyewe angeandika moshi.

Nilimwambia atoke kwenye kiti. Akatoka. Nikarudisha picha ya kucheka, nikarudisha tumbaku juu, nikajitumia linki kwenye simu yangu, na kweli akatokea mama mkubwa anacheka. "Haya, yameisha," mhariri akasema nyuma yangu, kwa sauti ya mtu aliyekusaidia.

Hayakuisha, na hilo pia alilijua. Kava likishatumwa linaganda ndani ya ile meseji. Ukibadilisha kwenye tovuti, wanaotuma upya watapata jipya, lakini zile zilizokwishatoka zinabaki kama zilivyo, na kila anayesukuma mbele anasukuma macho yaleyale na maneno yaleyale. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilishuka ngazi nikiwa na kava zuri kwenye simu yangu, simu moja, na lile la mhariri lilikuwa tayari njiani kuelekea nyumbani.

Aliyelifikisha kijijini alikuwa kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, anayeishi jirani na mama mkubwa na ndiye anayemchotea maji. Nilipompigia alianza kwa kunipongeza. Alikuwa ameliona, akafurahi, akaliweka kwenye grupu la kijiji na maneno yake juu: "Mama mkubwa wetu huyo, mpaka mtandaoni!" Yeye ni mtu wa tumbaku. Alisoma amekausha kijiji kizima, akaona sifa.

"Sasa mbona watu wamebadilika, dada?" akaniuliza. "Asubuhi mama mkubwa kaenda bombani, wanawake wote wakaondoa ndoo zao. Nikadhani kawatukana."

Kijiji chetu si cha tumbaku peke yake siku hizi. Wamekuja wafugaji na wakulima kutoka kaskazini, watu wa kazi, wamefungua mashamba makubwa ya mahindi, na wala hawana haja na bani. Hata vijana wetu wengi wameiacha tumbaku. Na mbegu zao za mahindi zilikuwa ardhini zinaokwa na jua. Wamekaa wanatazama mbingu, kisha simu inalia, na kwenye simu kuna macho ya bibi wanayemfahamu, na maneno kwamba amekausha kijiji kizima. Kijiji ni kile, bibi ni yule. Nani asingeunganisha?

Nikapanda basi la Inyonga, na kutoka Inyonga nikachukua bodaboda. Nilipofika, kikao kilikuwa kimeshaitishwa. Walikaa kwenye godauni la zamani la tumbaku, kwa sababu ndilo jengo kubwa lenye kivuli. Kuta zake bado zinanuka tumbaku. Mle ndani, kwenye harufu ile, watu wazima walikuwa wamekusanyika kumuuliza mwanamke alikausha nini.

Mwenyekiti wa kijiji ni mstaarabu. Alimpa mama mkubwa kiti, akamsalimia shikamoo, akamwambia asiogope. Kisha akauliza, polepole ili asikike: "Mama, yapo maneno yanazunguka kwenye simu. Sisi hatutaki kumwonea mtu. Tunakuuliza wewe mwenyewe. Ni kweli ulisema umekausha kijiji kizima hiki?"

Mama mkubwa alinyoosha mgongo. Nilimwona akinyooka, mtu ambaye kwa miaka hajaulizwa kuhusu kazi yake mbele ya watu. Nikajua atakachosema, nikaanza kusimama, nikachelewa.

"Ndiyo," akasema. "Nilisema, na nasema tena. Nimekausha kijiji kizima. Nani humu sikumkaushia baba yake?"

Godauni lilipasuka. Mwanamke mmoja alimbeba mtoto wake akatoka nje. Vijana wakasimama. Mimi nilikuwa napiga kelele, tumbaku, anasema tumbaku, jamani, mpaka koo likawaka, na kijana mmoja akasema kwa sauti, "Huyo ni mwanae, lazima amtetee." Mwingine akatoa methali, maana watu wakikosa ushahidi methali haziwaishii: "Lisemwalo lipo!" Nilitamani kumuuliza, lisemwalo na nani? Na kijana mla chapati Kashaulili?

Nilitoa simu niwasomee habari yote. Nikasoma aya mbili. Hakuna aliyesikia.

Mbele kabisa alikuwa amekaa mzee mmoja ambaye mama mkubwa alilisha tanuri lake msimu baada ya msimu. Nyumba yake ya bati ilitoka kwenye jani lililokaushwa na macho yale. Nilikuwepo, nilikuwa msichana, nilimpelekea mama mkubwa uji kwenye bani lake. Nikamwendea, nikapiga goti kama inavyopasa, nikamwambia, "Babu, waambie. Waambie kukausha ni nini. Wewe wakikusikia watatulia."

Akaniangalia, akamwangalia mwanawe aliyekuwa amesimama na vijana wenye mahindi. "Mjukuu wangu," akasema, "mambo ya zamani mimi sasa siyakumbuki."

Mhariri nimemchukia, na mpaka leo sijaacha. Lakini yule mzee! Humo ndani walikuwepo wengine wa rika lake, naweza kuwataja mmoja mmoja kwa mabani yao, na kila mmoja alilijua neno lile vizuri kuliko jina la mkewe. Wakatazama chini. Wao hawakudanganywa na kava lolote. Bando wanalo au hawana, walikuwa na habari yote kichwani, na ilikuwa inatosha mmoja wao afungue mdomo. Mashamba yao nayo yalikuwa yameungua, na kila mwenye shamba lililoungua anapenda kuwe na mtu aliyeliunguza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwenyekiti aliamua kistaarabu vilevile. Hakuna aliyemgusa. Akasema kwa usalama wake mama apumzike kidogo mjini kwa mwanae, mpaka hali itulie. Akasema na pole. Kaka yangu alibeba godoro kichwani huku analia waziwazi, mwanaume mzima, na watu walitupisha njia kwa adabu kana kwamba tunatoka kuzika.

Mama mkubwa alinishika mkono. Alikuwa anaona kidogo sana jua lile. "Wanataka nikaushe tena?" akaninong'oneza. "Waambie siwezi. Waambie macho yamekataa."

Nilimweleza kwenye basi. Nilimwambia wanadhani alikausha mvua. Kwanza alicheka, kile kicheko cha kwenye picha, mpaka abiria wa mbele wakageuka. Halafu akaona mimi sicheki. Tulipofika Mpanda, alipokuwa anashuka, akauliza kitu kimoja tu, kama yule mzee alikuwepo. Nikamwambia sikumwona. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Niliacha kazi ile. Mhariri bado yupo, tovuti bado ipo, nasikia imekua. Alinitumia ujumbe wa pole wenye vikaragosi vya mikono iliyokunjwa, nikaufuta. Watu wananiambia nisamehe, eti hakuna aliyekufa. Ndivyo tunavyopima siku hizi, kama hakuna aliyekufa basi ni posti tu.

Mvua ilinyesha wiki ileile tuliyoondoka. Ilianza mchana, nzito, ikapiga mabati ya nyumba yangu tukawa hatusikilizani. Simu ikatetemeka. Kaka yangu alinitumia kilichokuwa kinazunguka kwenye grupu la kijiji: kava lilelile, macho yaleyale, na juu yake mtu ameongeza maneno mawili. "Kaondoka, imenyesha." Chini yake majina ya watu ninaowajua, wa rika langu, wanasema amina.

Nilipoinua kichwa mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, kanga ameshaifunga kifuani, mzigo wake mikononi.

"Walikuwa na hasira ya jua tu, mwanangu," akaniambia. Uso wake ulikuwa na furaha. "Sasa imenyesha, imekwisha. Nirudishe nyumbani."